Visobadilika na Vigeu katika Programu za Kubeti: Ushauri kwa Waandishi wa Programu wa Voi

Programu ya kubeti ni mfululizo wa maagizo yanayoiwezesha kompyuta kusoma ratiba za mechi na viwango vya malipo, kuamua kama ipo sababu ya kuweka dau, kisha kuliweka dau hilo bila mtu kubonyeza kitufe. Maagizo hayo huendeshwa na thamani za aina mbili. Ya kwanza ni kigeu, yaani jina linaloshikilia thamani inayotarajiwa kubadilika programu inapoendelea kufanya kazi, kama vile salio la akaunti, dakika ya mchezo au hasara iliyokwisha kupatikana tangu asubuhi. Ya pili ni kisobadilika, yaani jina linalopewa thamani moja kabla ya kazi kuanza na ambalo hakuna sehemu yoyote ya programu inayoruhusiwa kuligusa hadi kazi imalizike. Maelezo haya hufundishwa mwanzoni mwa somo la uandishi wa programu, na pengine ndiyo sababu wanafunzi wengi huyapita haraka, ilhali pesa zinazopotea kwa programu za aina hii hazipotei kwa sababu ya ubashiri mbaya tu bali pia kwa sababu thamani iliyopaswa kubadilika iligandishwa, au iliyopaswa kugandishwa iliachwa huru.

Mji wa Voi una kila kinachohitajika ili jambo hili lizungumziwe kwa uzito. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, kinafundisha taaluma za kompyuta katika eneo la Voi. Na M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka 2007, imefanya kuhamisha pesa kutoka kwenye simu hadi kwenye akaunti ya kamari kuwa kazi ya sekunde chache, iwe mtu amekaa Kaloleni, Mwanyambo au kwenye benchi la stesheni ya reli ya SGR. Kijana anayejua kuandika programu na mwenye simu iliyounganishwa na pesa yuko hatua moja tu kutoka kwa programu inayobeti yenyewe. Makala haya hayamhimizi achukue hatua hiyo. Yanamweleza anayetaka kuichukua, au anayefanya utafiti tu, namna ya kuamua kipi kiwe kigeu na kipi kisibadilike.

Jambo la kwanza ni majina. Katika lugha ya Python, ambayo hutumiwa na wengi wanaoanza, hakuna kisobadilika cha kweli; ipo desturi tu kwamba jina lililoandikwa kwa herufi kubwa, mfano KIKOMO_CHA_HASARA, lisiguswe, na anayeivunja desturi hiyo hazuiwi na lugha yenyewe. JavaScript ina neno const na Java ina neno final, na yote mawili hukataa jina lipewe thamani mpya baada ya ile ya kwanza. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa katika programu inayoshika pesa, kwa kuwa desturi hulindwa na nidhamu ya mwandishi, na nidhamu ya mwandishi ndicho kitu cha kwanza kuyumba timu aliyoitegemea inapofungwa dakika ya 90. Majina ya Kiswahili yanafaa kabisa na hayana hitilafu yoyote kwa kompyuta: dau_la_sasa, salio_lililobaki na idadi_ya_mechi humweleza msomaji wa baadaye zaidi ya herufi x na y.

Makosa yaliyo ghali zaidi huanzia kwa thamani inayoonekana haibadiliki lakini inabadilika. Hakuna mfano ulio bora kuliko kodi za kamari nchini Kenya. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 uliwekwa juu ya kila dau. Mwaka uliofuata ukaondolewa. Mwaka 2021 ukarudishwa kwa kiwango cha asilimia 7.5, mwaka 2023 ukapandishwa hadi asilimia 12.5, Desemba 2024 ukafika asilimia 15, na kuanzia Julai 2025 ukashushwa hadi asilimia 5, safari hii ukitozwa si kwenye dau bali kwenye pesa zinazoingizwa katika akaunti ya mchezaji. Katika badiliko hilohilo la Julai 2025, kodi ya zuio ya asilimia 20 iliyokuwa ikikatwa kwenye ushindi ilibadilishwa ikawa asilimia 5 ya pesa zinazotolewa kwenye akaunti. Mwandishi aliyeandika 0.20 sehemu kumi ndani ya programu yake, kwa imani kwamba kodi ni kodi, alilazimika kuzitafuta zote kumi, na huenda mojawapo ya hizo 0.20 haikuwa kodi hata kidogo bali sehemu ya salio inayoruhusiwa kubetiwa. Namba iliyotupwa ndani ya hesabu bila jina haina wa kuiulizia.

Tiba yake ni kwamba kiwango cha kodi kiwekwe kama kisobadilika, lakini nje ya programu, katika faili ya mipangilio inayosomwa mara moja programu inapoanza, kila kiwango kikiwa na tarehe kilipoanza kutumika. Kwa namna hiyo thamani haibadiliki katikati ya kazi, lakini inaweza kubadilishwa na binadamu Bunge linapopitisha sheria mpya, na majaribio yanayotumia matokeo ya mwaka 2023 yatatumia kodi ya mwaka 2023 badala ya kodi ya leo. Hata hivyo badiliko la mwaka 2025 linaonyesha kwamba kiwango peke yake hakitoshi, kwa sababu mahali kodi inapokatwa palihama, na hivyo fomula nzima ilibidi iandikwe upya. Isitoshe, asilimia 5 ya shilingi 1,000 inaweza kumaanisha shilingi 50 zikatwe, au, ikiwa kiasi kilichotumwa kinahesabiwa kuwa tayari kimebeba kodi ndani yake, shilingi 47.62. Risiti ya kampuni ndiyo hakimu; mwandishi aisome, kisha aandike fomula inayotoa namba ileile.

Mfano wa pili wa thamani inayojifanya haibadiliki ni saa. Ligi Kuu ya Uingereza, ambayo hubetiwa sana na mashabiki wa pwani na bara, huchezwa kwa saa za London, na London husogeza saa zake mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kenya haisogezi saa. Kwa hiyo mechi ya Jumamosi inayoanza saa tisa alasiri kule huonekana Voi saa kumi na moja jioni mwanzoni mwa msimu na saa kumi na mbili jioni tangu mwisho wa Oktoba, jambo ambalo kila mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira analijua kwa mazoea, lakini programu haijui mpaka iambiwe. Aliyeandika TOFAUTI_YA_SAA kuwa 2 atakuwa sahihi Agosti na Septemba, kisha kuanzia Novemba programu yake itaamini kwamba mechi imeshaanza ilhali wachezaji bado wako chumba cha kubadilishia nguo, na maamuzi yote yanayotegemea dakika ya mchezo yatakuwa ya uongo kwa saa nzima. Tofauti ya saa ni kigeu kinachokokotolewa kutoka kwenye kanda za saa za Africa/Nairobi na Europe/London, ambazo maktaba za lugha nyingi za programu huwa nazo tayari. Na kwa kuwa Waswahili huhesabu saa kuanzia machweo na mapambazuko, ni vyema muda ndani ya programu uhifadhiwe kwa mtindo wa saa 24, kisha ugeuzwe kuwa saa za Kiswahili kwenye kioo tu.

Baada ya thamani zinazotoka nje, yaani kodi na saa, huja thamani inayotoka kwa mwandishi mwenyewe, nayo ni dau. Hapa ndipo kigeu kinapoweza kula nyumba. Mbinu iliyozoeleka sana katika programu za kubeti ni ile ya kuzidisha dau mara mbili kila baada ya kushindwa, kwa matumaini kwamba ushindi mmoja utarudisha hasara yote na kuacha faida kidogo. Kwa lugha ya programu, dau_la_sasa ni kigeu kinachozidishwa kwa 2 baada ya hasara na kurudishwa kwenye DAU_LA_MWANZO baada ya ushindi. Mstari huo mmoja ni mfupi na unapendeza machoni, na ndio maana huaminiwa. Lakini dau la mwanzo likiwa shilingi 50, kushindwa mara nane mfululizo kutakuwa kumemeza shilingi 12,750, na dau la tisa litadai shilingi 12,800, yote hayo kwa ajili ya kufukuzia faida ya shilingi 50. Katika michezo yenye nafasi sawa ya kushinda na kushindwa, mfululizo wa hasara nane hutokea kwa wastani mara moja katika kila mizunguko 256 inayoanza na dau la mwanzo, na mtu anayebeti kwa mkono mara chache kwa wiki anaweza kukaa muda mrefu bila kukutana nao, ilhali programu inayobeti usiku na mchana kwenye mechi za kompyuta zinazochezwa kila baada ya dakika chache itakutana nao mapema.

Lipo tatizo jingine lililofichika zaidi. Hesabu ya kuzidisha mara mbili hukubali tu pale odi, yaani namba inayozidishwa na dau ili kupata malipo ya mshindi, inapokuwa 2.00 au zaidi. Kampuni za kamari hazitoi 2.00 kwa tukio lenye nafasi sawa. Hutoa kitu kama 1.90 kila upande, na pengo hilo ndilo pato lao. Kwa odi ya 1.90, mchezaji aliyeshindwa mara nne akiwa ameanza na shilingi 50 amekwisha kupoteza shilingi 750. Dau lake la tano ni shilingi 800, na likishinda humpa faida ya shilingi 720. Ameshinda, na bado ana hasara ya shilingi 30. Kila anapochelewa kushinda, hasara iliyo ndani ya ushindi wake huongezeka: akishinda dau la sita badala ya la tano, hasara ni shilingi 110. Mwandishi ambaye angeijaribu programu yake kwenye karatasi kwa dakika kumi tu angeliona jambo hili, lakini mvuto wa kuiona programu ikitembea yenyewe huwa mkubwa kuliko mvuto wa kalamu.

Kwa hiyo ushauri ni kwamba dau liwe kisobadilika, au likiwa kigeu lifungwe kati ya visobadilika viwili, DAU_LA_CHINI na DAU_LA_JUU, na lisiruhusiwe kamwe kukokotolewa kutokana na hasara iliyopita. Likokotolewe, ikibidi, kutokana na salio lililopo, mathalani asilimia 1 yake, ili salio linapopungua dau nalo lipungue.

Vikomo vinastahili kuzungumziwa peke yavyo kwa kuwa ndivyo visobadilika pekee vinavyomlinda mtu badala ya kuihudumia programu. Vipo vitatu visivyoachika: hasara kubwa kabisa kwa siku, hasara kubwa kabisa kwa mwezi, na idadi kubwa kabisa ya madau kwa siku. Vikifikiwa, programu isimame, na isimame kwa kujizima badala ya kuuliza kama iendelee, maana swali hilo huulizwa wakati mbaya kabisa wa kulijibu. Thamani zavyo ziandikwe siku ambayo hakuna mechi. Kikomo cha mwezi kitokane na pesa ambazo zikipotea zote hakuna kodi ya nyumba itakayochelewa wala karo itakayokosekana, na kama pesa za aina hiyo hazipo, basi thamani sahihi ya kikomo ni sifuri na programu ibaki ya mazoezi. Wanaojiandikia programu hupenda kusema kwamba kikomo wanaweza kukibadilisha wakati wowote kwa kuwa faili ni yao. Ni kweli, na kwa sababu hiyo baadhi ya waandishi makini huweka sharti kwamba kikomo kilichopandishwa leo kitaanza kutumika baada ya siku saba, ilhali kikomo kilichoshushwa huanza papo hapo. Hilo ni agizo dogo la kulinganisha tarehe mbili, na huenda likawa agizo lenye thamani kuliko yote katika programu nzima.

Salio nalo linahitaji uangalifu wa Kikenya. Tangu Januari 2019 wateja wa M-Pesa waliojiunga na huduma ya Fuliza wamekuwa wakiweza kulipa zaidi ya walichonacho, kisha wakadaiwa pamoja na ada. Programu, au mtu anayeilisha programu, asichukue uwezo wa kulipa kuwa ndio salio. Kigeu cha salio kisome kilichomo ndani ya akaunti ya kamari peke yake, na programu isipewe njia yoyote ya kuongeza pesa humo. Kuongeza pesa kubaki kazi ya mkono wa binadamu. Nambari ya siri ya M-Pesa haina mahali popote ndani ya programu, si kama kigeu wala kama kisobadilika, na nywila ya akaunti ya kamari ikae katika faili tofauti ambayo haitumwi kwa rafiki pamoja na programu wala kupakiwa mahali pa wazi mtandaoni.

Kuna hitilafu moja ambayo vitabu vya nchi zenye umeme wa uhakika huigusa juujuu. Kigeu huishi katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na umeme unapokatika hufa pamoja na programu. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani usiku, na wengi walikaa hivyo hadi siku iliyofuata. Programu ambayo umeme ulipokatika namna hiyo ilikuwa imekwisha kupoteza shilingi 900 kati ya kikomo cha 1,000, umeme ukirudi siku hiyohiyo itawaka upya ikiwa na hasara_ya_leo iliyo sawa na sifuri, na itajiona ina ruhusa ya kupoteza shilingi 1,000 nyingine, bila kosa lolote la kimantiki ndani yake. Kikomo kilikuwepo na hakikubadilika. Kilichopotea ni kigeu kilichopimwa dhidi yake. Dawa ni kuandika vigeu vya hasara na idadi ya madau kwenye faili kila baada ya dau, na kuvisoma kutoka humo kila programu inapoanza, na ikiwa faili hiyo imekosekana au imeharibika, programu ikatae kufanya kazi.

Mtandao nao huleta utata wa jamii hiyo. Dau limetumwa, jibu halijarudi, na programu iliyopewa kigeu chenye hali mbili tu, limewekwa au halijawekwa, italazimika kukisia. Ikikisia kwamba halijawekwa italituma tena, na mchezaji atajikuta na madau mawili. Kigeu hicho kiwe na hali tatu, ya tatu ikiwa ni ya kusubiri, na wakati wa kusubiri programu isome orodha ya madau kwenye akaunti kabla ya kufanya lolote.

Kuhusu pesa zenyewe, zihesabiwe kwa senti zikiwa namba nzima. Kompyuta huhifadhi desimali kwa njia ya kukadiria, na ndiyo maana 0.1 ikijumlishwa na 0.2 katika Python hutoa 0.30000000000000004. Aidha, kigeu kinachohusu mechi moja kizaliwe ndani ya sehemu inayoshughulikia mechi hiyo na kifie humo, vinginevyo dakika ya mchezo wa Arsenal itakuja kusomwa kama dakika ya mchezo wa Gor Mahia.

Yote yaliyoelezwa hapo juu huifanya programu kuwa sahihi, na usahihi si faida. Chukua shilingi 1,000 zinazoingizwa kwenye akaunti: kodi ya asilimia 5 huacha 950, zikibetiwa zote mara moja kwa odi ya 1.90 kwenye tukio lenye nafasi sawa, wastani wa zitakazorudi ni 902.50, na zikitolewa, kodi nyingine ya asilimia 5 huacha takriban shilingi 857. Anayeunganisha mechi tano za odi hiyo kwenye mkeka mmoja hupandisha malipo anayoyaota lakini pia hulimbikiza pato la kampuni mara tano, na wastani wa marejesho yake, kabla ya kodi, hushuka hadi shilingi 77 hivi kwa kila mia. Hakuna mpangilio wa vigeu unaoweza kugeuza hasi hiyo kuwa chanya isipokuwa mwandishi awe anakadiria nafasi za timu kwa usahihi kuliko kampuni yenyewe, na kampuni hiyo ina wataalamu wa takwimu wanaolipwa kwa kazi hiyo tu. Programu zinazouzwa kwenye Telegram kwa ahadi ya kutabiri mchezo wa Aviator hazina hata nafasi hiyo ndogo, kwa kuwa matokeo ya kila duru hutegemea thamani ya siri iliyo kwenye seva ya mchezo na hakuna kigeu katika simu ya mnunuzi kinachoweza kuyasoma kabla hayajatangazwa. Anayeziuza hupata faida yake kwa wanunuzi.

Sheria na masharti navyo vina sauti. Sheria ya Udhibiti wa Kamari iliyotiwa saini Agosti 2025 ilichukua nafasi ya sheria ya mwaka 1966, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti, iwe kwa mkono au kwa programu. Kampuni nyingi hukataza katika masharti yao akaunti kuendeshwa na roboti, na zikigundua zinaweza kuifunga akaunti pamoja na salio lililomo. Mwaka 2019 leseni za kampuni kadhaa, SportPesa na Betin zikiwemo, hazikuhuishwa, na njia zao za malipo zikafungwa. Aliyekuwa ameweka jina la kampuni moja na nambari yake ya malipo kama visobadilika visivyo na mbadala alibaki na programu isiyo na mahali pa kwenda. Masharti yasomwe kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa.

Njia inayofaa zaidi kwa mwanafunzi wa Voi ni kuweka kisobadilika kimoja juu kabisa ya programu, HALI_YA_MAZOEZI, thamani yake ikiwa kweli, na kuifanya kila sehemu inayotuma dau ikiangalie kwanza. Ikiwa kweli, dau liandikwe kwenye faili badala ya kutumwa. Apitishe humo matokeo ya msimu mzima uliokwisha, akitumia odi za siku zile na kodi za siku zile, kisha asome jumla iliyo chini ya ukurasa. Jumla hiyo ikiwa hasi, kazi yake kama mwanafunzi wa programu imekamilika na ni kazi nzuri ya kuwasilishwa darasani, na thamani ya HALI_YA_MAZOEZI iachwe ilivyo.